Tazama chembe kabla ya uso

Mzee mmoja aliniletea bahasha ya negativu za harusi yake, zile za mraba za filamu pana iitwayo 120. Nikaskani, nikachapa. Akavaa miwani, akaisogeza picha mlangoni kwenye mwanga wa River Road.

"Kijana wangu, hii shela ilikuwa na maua ya kushonwa. Yako wapi?"

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeacha skana ifute vumbi kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kwenye filamu ya rangi, infraredi hupenya rangi na kuzuiwa na vumbi tu. Lakini picha ya nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, nazo huizuia vilevile. Kwenye negativu, penye weupe ndipo fedha imejaa, basi skana iliiona shela yote kuwa uchafu ikaipaka. (Filamu ya nyeusi na nyeupe ya Ilford XP2 haina taabu hiyo; husafishwa kwa dawa za filamu za rangi, na picha yake hubaki ya rangi, si ya fedha.) Siku hizi infraredi naizima kabisa. Vumbi la Januari naliondoa kwa kipulizio na brashi laini, linalobaki nalifuta kwenye kompyuta, doa moja moja.

Niliposkani upya maua yalirudi, ila bado yalikuwa na ukungu. Wengi hapo hukimbilia kunoa picha kwa programu. Mimi hutazama kwanza negativu imekaaje. Hii ilijikunja kama gome la mdalasini, nikailaza siku mbili chini ya vitabu vizito. Kisha nikakata vipande vya kadi za kukwangua, nikainua nazo fremu inayoshika negativu kidogo kidogo, nikiskani kila kimo ili nione lenzi inaona wazi wapi. Nilipolinganisha picha zikiwa zimekuzwa kwa asilimia 100 kwenye skrini sikuangalia uso, niliangalia chembe za filamu. Chembe zikiwa wazi na uso una ukungu, ukungu uliingia siku ile ya kupiga picha, na hakuna skana itakayouondoa. Chembe zikiwa uji, tatizo ni lako.

Namba 6400, yaani nukta kwa kila inchi, kwenye boksi la skana ya mezani usiitegemee sana; lenzi yake haifiki huko. Kwa 2400, negativu ya milimita 56 inatoa pikseli kama 5,290, yaani zaidi ya inchi 17 ukichapa kwa 300. Ya milimita 35 itakupa inchi 11 upande mrefu. Skani kwa biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi za kijivu, ili ukirekebisha weusi na weupe mbingu isikatike vipande.

Kunoa ni mwisho, picha ikishafikia ukubwa wa kuchapwa. Karatasi isiyong'aa hunywa wino, kwa hiyo nanoa mpaka kwenye skrini ionekane imezidi kidogo. Tena picha ya nyeusi na nyeupe siipeleki kwenye mashine zinazochapa kwenye karatasi ya picha za rangi, kijivu huweza kurudi na ukijani.

Mzee alichagua karatasi inayong'aa. Alihesabu maua ya shela kwa ncha ya kalamu, akaagiza nakala nne.