Alama za ukame wa kale katika jenomu ya Welwitschia

Mmea wa Welwitschia mirabilis huota katika Jangwa la Namib peke yake, nchini Angola na Namibia, nao hubaki na majani mawili tu yanayoendelea kukua kutoka shinani kwa muda unaoweza kupita miaka 1,000. Tangu mtaalamu wa mimea Friedrich Welwitsch alipouona kusini mwa Angola mwaka 1859, umbo hilo ndilo lililowashangaza wengi. Kwangu mimi ninayeshughulika na jeni za mimea, maajabu makubwa zaidi yamo katika jenomu yake, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa mwaka 2021: takriban jozi za besi (herufi za DNA) bilioni 6.8, zaidi ya mara mbili ya jenomu ya binadamu.

Ukoo wenyewe ni mkongwe kuliko jangwa. Visukuku vya jamaa zake vimepatikana katika miamba ya Crato nchini Brazil, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 110, enzi ambayo Afrika na Amerika Kusini zilikuwa ndiyo kwanza zinaachana.

Kiasi cha miaka milioni 86 iliyopita, jenomu nzima ya ukoo huu ilijirudufu. Watafiti wanahusisha tukio hilo na ukame uliokuwa ukizidi, na naiona hoja hiyo ina uzito, maana jeni ikiwa na nakala mbili, moja huendelea na kazi ya awali huku nyingine ikiwa huru kubadilika. Hata hivyo, kulingana kwa nyakati pekee hakutoshi kuwa ushahidi wa chanzo.

Alama ya pili ni ya juzi, kwa kipimo cha jiolojia. Mkondo wa Benguela, unaopandisha maji baridi ya kina kirefu hadi pwani, ulikuwa umekwisha kuufanya ukanda huo uwe na ukungu mwingi na mvua haba. Kati ya miaka milioni 1 na 2 iliyopita, retrotransposoni, yaani vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika kwingine, ziliongezeka kwa kasi, na jambo hilo limehusishwa na kuzidi kwa joto na ukavu. Vipande hivyo vikiachwa huru huharibu jeni, kwa hiyo mmea huvinyamazisha kwa kubandika kikundi cha methili, kijisehemu kidogo cha kemikali, kwenye sitosini, mojawapo ya besi nne za DNA (nyingine ni guanini, adenini na thaimini).

Kinga hiyo ina gharama. Sitosini iliyobandikwa methili hupoteza kikundi chake cha amino kwa urahisi ikageuka kuwa thaimini, na kosa hilo lisiporekebishwa hurithiwa. Baada ya mabadiliko hayo kurundikana kwa vizazi vingi, guanini na sitosini kwa pamoja zimebaki kiasi cha asilimia 29 tu ya jenomu, kiwango cha chini mno kwa mmea. Huenda upungufu huo ukawa na faida pia, kwa kuwa jozi ya guanini na sitosini huhitaji nitrojeni zaidi kuliko jozi ya adenini na thaimini, na udongo wa Namib ni maskini wa nitrojeni.