Aliye juu mngoje chini, lakini nani amemlipia bima?

Mvua za masika zikikaribia, Nairobi huanza kupunguza miti. Mikaratusi ya Lavington, migrivilea ya South B, mijakaranda ya Kilimani: matawi yamelalia paa, mengine yameshafika kwenye nyaya, na mtu anaitwa. Mara nyingi anayeitwa ni kijana mwenye panga, kamba ya manila na pawa, yaani msumeno wa injini, ya kukodi. Wanaomtazama wakiwa chini wana maneno mengi kuhusu kazi yake na sheria inayomhusu, na mengi ya maneno hayo si kweli.

"Hapa ni kwangu, si mahali pa kazi"

Nianze na hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi mfukoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Haikukomea kwenye viwanda vya Industrial Area. Inamtaka anayeshikilia mahali hapo ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi humo, si wale aliowaandika tu. Kwa hiyo shule inayopunguza miti ya uwanja, au kamati ya wakazi inayochangisha pesa za kukata mkaratusi wa getini, haiwezi kunawa mikono kwa kusema "kontrakta ndiye aliyewaleta."

"Kibarua hana fidia"

Anayo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua hata yule anayelipwa jioni kila siku kuwa mfanyakazi. Nayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inamlazimu mwajiri kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi akifa kazini, au akipata ulemavu wa kudumu usiomwachia uwezo wa kufanya kazi tena, hesabu huanzia kwenye mapato ya miezi 96. Aliyekuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,440,000. Weka kiasi hicho kando ya zile elfu chache ulizookoa kwa kumchukua wa bei rahisi.

Kuna upande wa pili ambao wakata miti wenyewe hawapendi kuusikia. Fundi anayekuja na vijana wawili wa kuvuta kamba, akawalipa yeye mwenyewe, ni mwajiri. Bima ya vijana hao ni juu yake.

"Mti si chuma, haupitishi umeme"

Mti mbichi umejaa maji. Laini nyingi za volti 11,000 zinazopita juu ya mitaa yetu ni waya mtupu, hazina mpira wa kuzikinga, na umeme wa nguvu hiyo unaweza kuruka pengo dogo bila kitu kugusana. Hebu fuata ajali yenyewe inavyokwenda. Kijana amejifunga shinani na analikata tawi kwa upande wa juu pekee. Kabla msumeno haujamaliza, uzito unalivuta tawi, gamba linachanika kuelekea chini, na badala ya kudondoka tawi linabembea huku ncha yake yenye majani ikilalia waya. Chini, wenzake wawili wameshika kamba iliyoloa umande. Hakuna kati ya hao watatu aliyeugusa waya, na wote watatu wako hatarini.

Mwenye ujuzi huanza na mkato mfupi wa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani. Kisha anakata kwa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi linakatika bila kuchuna gamba, na kisiki kilichobaki anakimaliza mwisho. Ujuzi huo hauletwi na ujasiri wala na kupanda miembe utotoni. Na ukiona matawi yameshaikaribia laini, hiyo si kazi ya panga kabisa: piga 97771 ya Kenya Power waje wenyewe, au walau wazime laini. Mwongozo wa kazi hii unaotumika Marekani, unaoitwa Z133, unamtaka mtu asiyefunzwa mambo ya umeme akae umbali usiopungua futi 10, yaani mita 3 na kidogo, kutoka kwenye nyaya za kawaida za mitaani. Jaribu kupima umbali huo ukiwa nyuma ya ploti yako. Penye mti mkubwa mara nyingi haupo.

"Serikali ikikaa na wenye kampuni, ukaguzi umekwisha"

Dhana hii naielewa. Mkenya aliyezoea kuona mikutano ya hoteli na picha za kupeana mikono ana haki ya kushuku. Lakini ushirikiano wenyewe si lazima uwe hivyo. Z133 niliyoitaja ilianza na mama mmoja wa jimbo la New York ambaye mwanawe alikufa akipunguza mti. Mwaka 1968 aliomba kazi hiyo iwekewe kanuni za usalama, na waliokuja kuziandika ni wenye kampuni, watu wa umeme na wataalamu wa miti wakiwa pamoja. Baadaye, mwaka 2002, idara ya usalama kazini ya huko ilianzisha mpango wa kushirikiana na vyama vya wenye biashara, na chama cha kampuni za kutunza miti, Tree Care Industry Association, kikawa miongoni mwa walioingia. Wanatengeneza mafunzo pamoja na kupashana habari za hatari. Kuingia kwenye mpango huo hakumwondolei mtu ukaguzi wala faini.

Sisi tunalo Baraza la Kitaifa la Usalama na Afya Kazini, lililoundwa na sheria ileile ya 2007, ambamo waajiri na wafanyakazi wana wawakilishi kando ya serikali. Tatizo letu liko kwingine. Kijana mwenye pawa ya kukodi hana chama cha waajiri na hana chama cha wafanyakazi, kwa hiyo katika baraza hilo hakuna anayesema kwa niaba yake. Wakaguzi wa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini nao hawawezi kusimama kwenye kila geti la Nairobi.

Kwa maoni yangu njia fupi ni kupitia karatasi ambazo tayari zipo. Kukata mti jijini kunahitaji kibali cha kaunti. Kibali hicho kingeweza kuuliza jina la atakayepanda na nambari ya bima yake. Zabuni za kusafisha njia za umeme na kando za barabara zingeweza kudai cheti cha mafunzo kabla hata ya kufungua bahasha ya bei. Gharama yake ni ndogo, na ingewapa kampuni zinazolipa bima nafuu ya kutoshindwa bei kila mara na wasiolipa.

"Ana helmeti na mkanda, yuko salama"

Kofia ya mjengo isiyo na kamba ya kidevuni huanguka kabla ya mwenyewe. Kamba moja tu karibu na msumeno ni ya kukatwa wakati wowote, ndiyo maana wapandaji waliofunzwa hujifunga na ya pili wanapokata, nyingine zikiwa na waya wa chuma ndani, ambazo hazifai hata kidogo karibu na umeme. Suruali ya pawa ina nyuzi ndefu zinazoziba mnyororo na kuusimamisha. Jinzi nene haifanyi hivyo. Masikio husahaulika: kanuni za kelele za 2005 zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, na pawa huvuka 100.

"Ameanguka, ni ajali tu, tumpeleke hospitali yaishe"

Mpelekeni, lakini haijaisha. Aliyeumia, au mwenzake kwa niaba yake, amwarifu mwajiri, hata kwa mdomo, na mwajiri ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Palipotokea kifo, ofisi ya Mkurugenzi huyo inapaswa kujua ndani ya saa 24. Makao yake ni Safety House, Commercial Street, Industrial Area, na dai la fidia huanzia hapo kabla ya kufika mahakamani.