Chaja ya bila waya isiyowaka taa si lazima iwe imekufa

Wengi huamini kwamba chaja ya bila waya isipowaka taa, basi imeungua. Lakini baadhi huwasha taa sekunde chache tu zinapochomekwa, kisha huizima, na nyingine hazina taa kabisa. Kipimo cha kweli ni simu yenyewe: vua kava nene, toa kadi na pete ya chuma ya mgongoni, iweke katikati, uangalie alama ya betri. Bado kimya? Mara nyingi tatizo ni umeme unaoingia. Tundu la kawaida la USB 2.0 la kompyuta hutoa wati 2.5 tu, ilhali chaja ya msingi ya Qi, yaani kiwango cha pamoja cha kuchaji bila waya, huipa simu hadi wati 5. Badilisha kichwa na waya, ujaribu soketi nyingine. Chaja ikitoa harufu ya kuungua, ichomoe, usiijaribu tena.