Ardhi ya umma si ardhi ya serikali

Kila Msitu wa Karura, ulioko Nairobi, unapotajwa kwenye habari, hakosekani mtu wa kusema, tena kwa uhakika kabisa: "Hiyo ni ardhi ya serikali, serikali ikitaka kujenga itajenga." Husema hivyo wanaotaka ujenzi. Linaloudhi zaidi ni kwamba hata wanaoupinga husema hivyohivyo, kisha wakaishia kuiomba serikali iwahurumie kwa kitu ambacho si chake.

Maana yake ni hii. Ardhi ya umma ni mali ya wananchi wote kwa pamoja, iliyokabidhiwa chombo cha dola kuishika kwa niaba yao. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeiorodhesha: misitu ya serikali, vyanzo vya maji, mbuga za taifa, barabara, mito, maziwa na mengineyo. Aina mbili zilizobaki za ardhi nchini ni ardhi ya jamii na ardhi ya kibinafsi. (Wasomaji wa Tanzania mtaniwia radhi. Kwenu ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo mgawanyo huu hauwahusu.)

Msomaji makini atanikatiza hapo: mbona Katiba yenyewe imeandika "misitu ya serikali"? Imeandika, ndiyo, na wengi hufunga kitabu hapohapo. Ukisonga mbele hadi kijifungu cha 3 utakuta kwamba serikali ya kitaifa inaishika ardhi hiyo kama amana ya watu wa Kenya, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia kwa niaba yao. Aliyelelewa karibu na mali ya wakfu hahitaji maelezo zaidi. Msimamizi wa wakfu ana funguo, anapokea kodi, anaezeka paa likivuja, lakini hawezi kuiandikisha nyumba kwa jina la mwanawe.

Kosa hili, hata hivyo, halikutoka hewani. Kuna wakati lilikuwa kweli. Wakoloni waliiita ardhi ya Mfalme, na sheria zao za 1902 na 1915 zilimpa mtawala wao mkuu, aliyekuja kuitwa Gavana, uwezo wa kuigawa. Uhuru ulipokuja, Mfalme akaondoka, jina likawa ardhi ya serikali, na uwezo wa Gavana ukahamia kwa Rais. Kilichobadilika ni mwenye kalamu tu. Kazi yenyewe ilipitia ofisi ya Kamishna wa Ardhi, na karatasi iliyotafutwa kwa udi na uvumba ilikuwa barua ya ugawaji. Aliyeipata hakuwa na haja ya kujenga hata choo. Aliiuza kwa kampuni, kampuni ikauza kwa nyingine, na tingatinga lilipofika uwanjani mwenye hatimiliki alijiita mnunuzi asiye na hatia. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u iliueleza mchezo huu kwa kirefu katika ripoti yake ya 2004.

Karura ndipo mchezo huu ulipoonekana waziwazi. Msitu huu ulitangazwa rasmi mwaka 1932. Una takriban hekta 1,000, kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu. Ukisimama katikati yake, Muthaiga, Gigiri na Runda zimekuzunguka, na kitongoji cha Huruma kimebanana ukingoni. Kadiri mitaa hiyo ilivyopanda bei, ndivyo miti ilivyoanza kuhesabiwa kama ploti zilizochelewa kupimwa. Sheria ya misitu ya wakati huo, Sura ya 385, haikuwa kizuizi kikubwa: waziri alitoa ilani ya siku 28 katika Gazeti Rasmi, zikiisha, msitu si msitu tena. Ni wangapi walikuwa wakisoma Gazeti Rasmi?

Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement, waliingia humo na miche. Oktoba mwaka huohuo waandamanaji waliteketeza mitambo ya ujenzi. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alirudi na wabunge wa upinzani na wanahabari, akitaka kupanda mti tu. Walinzi wakawavamia kwa marungu na mapanga. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, akatia alama kwenye karatasi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakamiminika barabarani baadaye mwezi huo, na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, shirika lenye ofisi Gigiri, hatua chache kutoka msituni, akalaani shambulio hilo. Mnamo Agosti 1999 Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Tazama Maathai alisimama juu ya nini. Sheria ya wakati ule haikuwa upande wake, kwa sababu karatasi walikuwa nazo waliogawiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye kutoa karatasi hakuwa na kitu cha kutoa. Sheria ndiyo iliyomfuata baadaye: ya misitu ya 2005 ikataka idhini ya Bunge kabla ya mpaka kuguswa, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, ikakataa kulinda mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Siku hizi kosa limegeukia upande wa pili. Kwa kuwa chama cha Friends of Karura Forest kimeshirikiana na KFS, Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, kuusimamia msitu, kuweka ua na kufungua njia za matembezi, utasikia watu wakiuita msitu "wa akina Friends", au wa matajiri wa Muthaiga. Si wao pia. Chama cha jamii huingia mkataba wa usimamizi, na mkataba huo hauhamishi umiliki.

Basi ukilazimika kuitaja serikali katika sentensi hiyo, sema msitu "unaosimamiwa na serikali". Na ukikuta vigingi vya wapimaji kati ya miti, usiulize serikali imeamua nini. Ulizia ombi la kubadili mpaka lililofikishwa Bungeni, na lilijadiliwa lini.