Treni za Nairobi hazikuanza na Syokimau

Watu wengi wanaamini treni za kupeleka watu kazini zilianza hapa Nairobi mwaka 2012, Rais Kibaki alipofungua stesheni ya Syokimau. Hapana jamani, hizo treni zilikuwepo tangu miaka ya themanini, waulizeni wazee waliokuwa wanafanya kazi Industrial Area. Kilichokuwa kipya 2012 ni stesheni, reli yenyewe kwa sehemu kubwa ni ile ile ya mkoloni.

Halafu kuna hii ya kusema reli ililetwa kuhudumia mji. Mji gani? Mwaka 1899 reli ikifika hapa palikuwa uwanda na kinamasi, wakaweka karakana na stoo kabla ya kupanda upande wa Kikuyu na Limuru, mji ukamea hapo hapo kandokando ya reli. Shabaha ya Waingereza ilikuwa Ziwa Victoria, na wakafika Kisumu 1901. Ya Thika ikafuata 1913, ya mashamba ya walowezi. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mtu wa Githurai, mtaa ulio kwa njia hiyo ya Thika, anayetaka kufika tao, yaani katikati ya mji, saa moja asubuhi.

Ndio maana mtu akisema treni ni za asubuhi na jioni kwa sababu wafanyakazi ni wavivu mimi naona anawaonea bure, kwa sehemu kubwa njia ni moja tu, treni mbili zikikutana lazima moja ingoje kwa stesheni ili ile nyingine ipite, na mizigo nayo inapita kwa reli hiyo hiyo, sasa utaongezaje treni hapo? Njia ya pili ingejengwa zamani sana, hilo ndilo la kulalamikia.

Na SGR, ile reli mpya ya kutoka Mombasa, haifiki tao. Reli yake ina upana wa milimita 1435, hii ya zamani ni 1000, kwa hivyo ukitoka Mombasa unashukia kule Syokimau, kwa stesheni tofauti na ile ya Kibaki, unapanda treni nyingine ndio ufike Railways, stesheni kuu ya tao.

Zile za dizeli zilizozinduliwa 2020 nazo watu husema ni mpya kutoka Uchina. Ni mitumba ya Hispania, zilikuwa zinabeba abiria kisiwani Mallorca mpaka wenyewe wakahamia treni za umeme. Zilitufaa kwa sababu reli ya kule pia ni ya mita moja, zikaingia kwa yetu bila kubadilishwa magurudumu.