Machapisho Baada ya Uzamivu: Yanayoaminiwa na Yaliyothibitishwa

Katika vikao vya kupandisha vyeo, na hata katika mazungumzo ya kawaida ya wahadhiri, ipo picha ya msomi mwenye shahada ya uzamivu ambayo ni nadra kuhojiwa: huchapisha makala kila mwaka, hufikia kilele kabla ya kutimiza miaka 40, kisha hufifia taratibu hadi anapostaafu. Picha hiyo imewavunja moyo watu wengi wenye uwezo, ilhali tafiti zilizofuatilia kazi za wasomi kwa miongo kadhaa zinaipinga karibu katika kila kipengele.

Dhana: Msomi halisi huchapisha kila mwaka

Mwaka 1926 Alfred Lotka alichunguza orodha za machapisho ya kemia na fizikia, akaona kwamba takribani asilimia 60 ya waandishi walikuwa na chapisho moja tu, na kwamba idadi ya waandishi hupungua kwa kasi kadiri idadi ya machapisho inavyoongezeka. Mwaka 2014 John Ioannidis na wenzake walichambua majina zaidi ya milioni 15 yaliyomo katika Scopus, hifadhidata ya kimataifa ya machapisho ya kitaaluma, kwa kipindi cha 1996 hadi 2011. Waliochapisha kila mwaka bila kukosa katika miaka hiyo 16 walikuwa 150,608, yaani pungufu ya asilimia moja, lakini majina yao yalionekana katika asilimia 41.7 ya makala zote. Wengi katika kundi hilo dogo huongoza maabara kubwa, ambamo jina la kiongozi huambatana na kazi za wanafunzi na watafiti vijana walio chini yake. Kumpima kwa kipimo hicho mhadhiri anayefundisha madarasa ya mamia ya wanafunzi na kusahihisha mitihani peke yake ni kumdhulumu.

Isitoshe, wengi wenye uzamivu hawabaki vyuoni. Ripoti ya mwaka 2010 ya Royal Society, jumuiya ya kitaifa ya wanasayansi wa Uingereza, ilikadiria kwamba nchini Uingereza ni asilimia 3.5 tu ya waliopata uzamivu wa sayansi wanaofikia ajira ya kudumu ya utafiti chuoni, na wanaokuwa maprofesa hawafiki hata nusu ya asilimia moja. Wengine huenda viwandani, serikalini na mashuleni, ambako kazi yao haipimwi kwa makala.

Dhana: Kazi bora hufanywa ujanani

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu zaidi, na inadumu kwa sababu ina chembe ya ukweli: makala zinazorejelewa zaidi na wasomi wengine hutokea mara nyingi katika miaka ya mwanzo ya kazi. Lakini watafiti Roberta Sinatra, Albert-László Barabási na wenzao walipochunguza rekodi za wanafizikia 2,887 na kutoa matokeo yao mwaka 2016, waligundua kwamba makala yenye athari kubwa kuliko zote za mtu inaweza kuwa ya kwanza, ya katikati au ya mwisho kwa uwezekano uleule. Kinachopungua kadiri miaka inavyosonga ni idadi ya makala anazoandika. Mvuvi anayezamisha madema mengi mwanzoni mwa msimu atampata samaki wake mkubwa zaidi mwanzoni mwa msimu, si kwa sababu baadaye amesahau uvuvi, bali kwa sababu baadaye anazamisha madema machache.

Hata hilo wazo la kupanda haraka na kushuka polepole haliwafai wengi. Mwaka 2017 Samuel Way na wenzake walifuatilia wahadhiri 2,453 wa sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, wakaona kwamba mkondo huo unamweleza takribani mmoja tu kati ya watano. Waliobaki walikuwa na mikondo ya kila namna: wapo waliochelewa kuanza, na wapo walioongeza kasi kadiri miaka ilivyosonga.

Yitang Zhang alipata uzamivu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1991, akakosa kazi ya chuo kwa miaka kadhaa, na kwa muda akafanya uhasibu katika mgahawa. Machapisho yake yalikuwa machache mno. Mwaka 2013, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 55, alithibitisha kwamba zipo jozi zisizo na kikomo za namba tasa ambazo tofauti yake haifiki milioni 70, jambo lililokuwa limewashinda wanahisabati mashuhuri. Mwanakemia John Fenn naye alizaliwa mwaka 1917, na makala yake kuhusu namna ya kupima uzito wa molekuli kubwa za viumbe ilitoka mwaka 1989. Ndiyo iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2002.

Dhana: Wanawake huandika polepole

Uchambuzi wa mwaka 2020 uliohusisha wanasayansi zaidi ya milioni moja kutoka nchi 83 ulionyesha kwamba wanawake na wanaume huchapisha karibu idadi ileile kwa mwaka. Pengo la jumla linatokana hasa na wanawake kuacha kazi ya utafiti mapema zaidi, na hapo swali linapaswa kuelekezwa kwa taasisi wanazoziacha.

Dhana: Kisichomo kwenye hifadhidata hakikuandikwa

Takwimu hizi zote zina mpaka wake, na ni haki kuutaja. Hifadhidata za kimataifa zimeegemea majarida ya Kiingereza na sayansi asilia. Kwa hiyo mtaalamu wa fasihi au isimu anayechapisha katika majarida kama Kiswahili, Mulika au Kioo cha Lugha, au anayetumia miaka mingi kuandaa kamusi, anaweza kuonekana amenyamaza ilhali kazi zake zinasomwa na walimu na wanafunzi kote Afrika Mashariki.

Dhana: Wingi ni ushahidi wa ubora

Mwanafizikia Peter Higgs alichapisha makala zisizofika kumi baada ya kazi yake ya mwaka 1964 kuhusu chembe iliyokuja kuitwa kwa jina lake, na mwaka 2013, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobeli, alisema kwamba katika mfumo wa sasa asingepata kazi chuoni. Mwanabiokemia Katalin Karikó alishushwa cheo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1995. Makala aliyoiandika na Drew Weissman, iliyoweka msingi wa chanjo za mRNA, ilitoka mwaka 2005, na Tuzo ya Nobeli ikawafikia mwaka 2023.

Baadhi ya wafadhili wameanza kubadilisha kanuni zao. Mwaka 2010 Shirika la Utafiti la Ujerumani, DFG, liliwataka waombaji wa fedha kuorodhesha machapisho yasiyozidi matano katika wasifu wao, ili waamuzi wawe na nafasi ya kuyasoma badala ya kuyahesabu.