Tope la mlango wa mto si ardhi mfu

Wengi huamini kuwa tope jeusi linalonuka mayai viza, pale mto unapokutana na bahari, ni uchafu, na eneo hilo linafaa kufukiwa tu. Kwa kawaida harufu hiyo hutokana na bakteria wanaoozesha mabaki ya mimea pasipo na oksijeni. (Maji taka yana harufu yake, na hilo ni tatizo jingine.) Samaki na kamba wengi hukulia humo kabla ya kwenda baharini, na mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi.

Ukitaka kuhakiki, nenda maji yakipwa. Chimbua kwa kijiti: juu kuna utando wa kahawia, chini weusi, na matundu ya kaa kila mahali. Watazame na ndege. Wasingeshinda wakidonoa pasipo na chakula.